Habari Ndogo Kati ya Majirani: Mvua, Sikukuu na Ndege wa Bustanini

Maneno yaliyosemwa redioni na kuchapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, jamaa zilizohamishwa na viongozi wa mitaa na vijiji



Swali langu la leo ni dogo. Tangu asubuhi, umemwambia nani habari ambayo haina faida yoyote? Sisemi habari ya vita, wala ya msaada, wala bei ya makala. Nasema habari kama hizi: jana mvua ilipiga kule mlimani lakini kwetu haikufika, shomoro wamejenga kiota juu ya mlango wa kanisa, mtoto wa fulani anakuja likizo. Kama umemwambia mtu, alikuwa nani? Ni mtu wa kwenu, au ni yule jirani ambaye hamkuzaliwa kilima kimoja?

Najua wako wanaocheka. Watu wamepoteza nyumba, wamepoteza ng'ombe, wengine wamepoteza watoto, na huyu mwanasheria anatuletea mambo ya mvua na ndege! Cheka, si kitu. Lakini usizime redio bado, wala usifungie maharagi karatasi hii kabla hujaimaliza.

Katiba ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, ina kifungu cha 66 ambacho wengi hawajapata kukisikia. Vifungu vya haki tunavijua, kwa kuwa haki hutangazwa kila siku. Hiki ni kifungu cha wajibu. Kwa maneno mepesi kinasema hivi: kila Mkongomani ana wajibu wa kumheshimu Mkongomani mwenzake na kumtendea bila ubaguzi wowote, tena wa kuwa naye katika mahusiano yanayolinda na kuimarisha umoja wa taifa, heshima na uvumilivu kati yao. Kisha kinaongeza wajibu wa kuutunza mshikamano wa taifa, hasa wakati unapotishwa.

Chuo kikuu tulikipita kifungu hiki upesi, kwani wanasheria wanapenda vifungu vyenye adhabu. Adhabu iko mahali pengine, katika sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayokataza ubaguzi wa rangi na wa kabila. Ukimtukana mtu kwa kabila lake au ukichochea chuki dhidi ya watu wake, sheria hiyo inakuhusu tangu zamani hizo. Lakini hebu fikiri. Hakimu anaweza kumfunga mtu kwa sababu ya tusi. Je, kuna hakimu anayeweza kumwamuru mtu aulize, «Mama, mvua imewafikia?» Hakuna. Katiba inataka mahusiano, na mahusiano hayawezi kuletwa na polisi. Yanaletwa na mambo madogo ambayo sheria haina mkono wa kuyashika.

Tazama namna tunavyoamkiana sisi watu wa Kivu. Hatusemi jambo tukapita. Tunauliza habari ya kulala, ya watoto, ya nyumbani, ya shamba, ya mgonjwa, na mwenzetu anajibu «muzuri tu» hata kama usiku hakufumba jicho, ndipo baadaye, kidogo kidogo, anaanza kusema ukweli. Mgeni kutoka mbali anaweza kudhani tunapoteza wakati. Kumbe ile safu ya maswali ni kama ngazi, na mtu hushuka nayo mpaka pale anapoweza kusema jambo linalomuuma.

Sasa, wewe kiongozi wa nyumba kumi, wewe shefu wa avenyu, wewe mzee wa kijiji, nakuomba uchunguze jambo hili mtaani kwako. Watu wanapoanza kuogopana, hawaanzi kwa kupigana. Wanaanza kwa kufupisha salamu. Kwanza maswali matano yanakuwa mawili. Halafu inabaki «jambo» peke yake. Halafu mtu anainamisha kichwa na kupita, na kisimani wanawake wa upande huu wanasubiri wa upande ule wamalize kuchota. Ukiona wanawake waliozoea kuchekana juu ya mvua sasa wanajaza bidoni kimya, usingoje barua ya onyo kutoka kwa mkuu wa wilaya. Umekwisha kuonywa.

Mvua, basi. Kwetu Kivu mvua hushika kwa kawaida kuanzia Septemba, hulegea kidogo karibu na Januari, hurudi mpaka Mei, na kiangazi chetu ni Juni, Julai na Agosti. Kila mkulima anajua hayo. Ila aliyelima juu Masisi, penye baridi na mvua ya mawe, hajui mvua ile ile anayoijua mtu wa kando ya ziwa, wala yule wa bonde la Ruzizi ambako jua linachoma. Mtu anapohamishwa, anapoteza shamba, na pamoja na shamba anapoteza elimu yake. Nyumbani alikuwa mtu wa kuulizwa: «Mzee, tupande lini?» Hapa alipo leo anaulizwa idadi ya watoto, jina la kijiji, namba ya kadi, na alama ya kidole. Anaulizwa sana, lakini haulizwi jambo ambalo yeye analijua kuliko anayemuuliza.

Kwa hiyo ukimwuliza mkimbizi wa ndani, «Kwenu mvua ya namna hii ina maana gani?», umemrudishia kitu. Hujamlisha wala hujamvika. Umemfanya tena mtu mwenye neno. Mimi nimeona mzee aliyekaa kimya siku nzima chini ya turubai akazungumza nusu saa kwa sababu mtu alimwuliza kuhusu mvua ya mawe na viazi. Alichora ardhini kwa fimbo jinsi mifereji inavyochimbwa kukata mteremko. Wenyeji waliokuwa pale walisogea kusikiliza, na mmoja akabishana naye, naye akafurahi kubishiwa.

Tena, habari ya mvua si ya kupitisha wakati tu. Tarehe 4 Mei 2023, katika wilaya ya Kalehe, mito ilifurika na milima ikaporomoka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Maji yale yalitoka juu. Sisemi kwamba salamu zingeyazuia maji, nisingependa kuwadhihaki waliozika. Nasema kwamba aliye mlimani huiona mvua kabla ya aliye bondeni, na kwamba anayezoea kukupigia simu bila sababu ndiye atakayekupigia siku yenye sababu. Kama wa juu na wa chini hawazungumzi kwa kuwa ni wa makabila mawili, maji hayatawauliza kabila.

Nanyi wenyeji wa Goma mnisamehe nikiwakumbusha. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, ninyi ndio mliobeba magodoro kichwani. Siku zile za Mei 2021 mlilala Sake, mlilala Minova, wengine walivuka mpaka Gisenyi, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu. Mlipofika kwa watu, mliulizwa habari ya moshi na ya tetemeko, na mlieleza mpaka usiku. Yule mnayemwona leo nyuma ya jiko lenu, ambaye aliondoka kambini wakati kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa mwezi Februari 2025, au ambaye alikimbia moja kwa moja kutoka kijijini, naye anazo habari zake.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wanaitumia methali hii kwa ukali, kana kwamba inasema mgeni afukuzwe kwenye chakula. Mimi naisikia vingine. Aliyepewa jembe amepewa pia mstari shambani, na katika mstari watu huzungumza. Palilia maharagi na mtu asubuhi mbili tatu, utajua mama yake anaitwaje.

Na ndege? Nawachagua ndege kwa sababu hawana kabila, na kila mtu aliyekua kijijini anawajua. Tazama mbayuwayu. Wale wanaotoka Ulaya huanza kutufikia kati ya Septemba na Oktoba, wakati mvua inaposhika, na huondoka Machi na Aprili. Wanapita juu ya jangwa la Sahara kwa mabawa yao, mwili wao ni mwepesi sana, na hakuna kizuizi barabarani kinachowaomba karatasi. Yuko ndege mwingine, yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia karibu na maji na juu ya mabati ya nyumba. Watu wengi wa Maziwa Makuu hawapendi auawe, na kila kabila lina jina lake kwa ndege huyo. Waulize watoto wa ua mmoja, wa mwenyeji na wa mgeni, kila mmoja ataje jina la ndege huyo kwa lugha ya nyumbani kwao. Watacheka majina ya wenzao, halafu watayakumbuka. Ni mchezo wa dakika tano.

Halafu wako wanaosuka viota vyao vikaning'inia kama vikapu kwenye matawi, wanaokuja kwa makundi na kumaliza mtama. Hao ni adui wa wote. Katika mashamba ya mtama, na katika mpunga wa bonde la Ruzizi, watoto hukaa shambani kutwa kufukuza ndege kwa makelele na mawe. Ni kazi ya kuchosha, na mtoto mmoja hawezi kuwa kwenye pembe nne. Wenyeji wenye shamba na wageni wenye watoto wanaweza kukubaliana hapo, kwa sharti moja ambalo nalisema kwa sauti: saa za shule ziachwe kwa shule.

Lakini ndege wanaweza pia kuleta balaa, si kwa kosa lao. Bundi akilia juu ya nyumba usiku, asubuhi mtu anasema: bundi amelia kwa mama fulani. Jioni inasemwa kwamba mama fulani ndiye anayemtuma. Kwetu Kivu ya Kusini wanawake wazee wameuawa na makundi ya watu kwa neno la uchawi, na mara nyingi neno hilo lilianza dogo namna hiyo. Aliye mgeni, mjane, asiye na kaka wa kumtetea, ndiye anayeangukiwa kwanza. Bundi anakula panya. Anakaa karibu na nyumba kwa sababu panya wako karibu na nyumba. Ukisikia habari ya bundi inaanza kutafuta jina la mtu, ikatae papo hapo, mbele ya watu, na kama wewe ni shefu ulale karibu na mama huyo usiku ule, au umweke kwako.

Hapo ndipo ninapotenganisha habari na uvumi. Habari ndogo ina mwenyewe. Mtu anasema, niliona, nilikuwa mahali fulani, ilikuwa saa fulani. Uvumi hauna mwenyewe. Unaanza na «wanasema». Methali nyingine inasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo ni nzuri wakati wa amani. Wakati wa vita imewakimbiza watu usiku bure, imewaacha wagonjwa njiani. Uliza: nani ameona, wapi, lini? Na hayo utayauliza kwa urahisi zaidi ukiwa na rafiki upande wa pili. Ukisikia kwamba vijana wa kata ile wanakusanya mapanga, na unaye mtu wa kata ile ambaye jana mliongea juu ya kuku aliyetaga chini ya kitanda, utampigia. Usipokuwa naye, utaamini ulichoambiwa na watu wako peke yao.

Siku hizi uvumi unakuja kwa simu, katika ujumbe wa sauti ambao umepitishwa mara mia na hakuna anayeijua sauti ile. Usiupitishe. Hujalipwa kuupitisha.

Wala nisiseme uongo kwamba mazungumzo matamu yote ni mema. Sisi wa Maziwa Makuu tunaikumbuka redio RTLM iliyoanza kusikika Rwanda mwaka 1993. Watu waliipenda kwanza kwa muziki wake na kwa sauti zake za kirafiki, kama watu waliokaa mezani pamoja na chupa zao. Kwa sauti zile zile za kirafiki, mwaka 1994, walitajwa watu wa kuuawa. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani watu waliohusika na redio hiyo. Basi usipime mazungumzo kwa utamu. Mtu akichanganya mzaha na jina la kabila, akikufanya ucheke ili umdharau asiyekuwapo, ondoka hapo.

Na yako mambo ambayo hata kati ya marafiki hayasemwi katika siku zetu hizi: askari wamepita wapi, nani alilala kwa nani, nani alimpa nani chakula. Mambo hayo yanaua. Mvua haimuui aliyeitaja.

Nitawapa mfano wa kazi iliyofuata njia hii kwa miaka mingi. Barua za Msalaba Mwekundu, ambazo wengi wenu mlizipata mlipotenganishwa na jamaa zenu, huandikwa kwenye fomu na hazifungwi. Ndani yake zinaruhusiwa habari za mtu na za jamaa yake tu. Sisi ni wazima, mtoto amezaliwa, bibi amefariki, tuko mahali fulani. Siasa na vita havimo. Kwa kuwa ziko wazi na yeyote anaweza kuzisoma, zinapita mahali ambapo barua iliyofungwa isingepita. Kama una mtu aliyepotea tangu mlipokimbia, nenda kwenye ofisi yao iliyo karibu ukaulize. Kujua jamaa yako yuko wapi ni haki yako. Imeandikwa katika Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani za mwaka 1998, kanuni ya 16.

Sikukuu nitazipita upesi kidogo, ila moja. Noeli, Bonane, Pasaka, Idi, tarehe 30 Juni, zote zina sahani zake. Sahani inatoka nyumba hii kwenda nyumba ile, na kwa desturi hairudi tupu. Hapo mgeni anaona aibu. Amepewa sombe na nyama, atarudisha nini? Wengine wanaikataa sahani kwa sababu hiyo, na mwenyeji anadhani ni kiburi. Mama mwenyeji, mwambie kabla: sahani yangu uirudishe na lengalenga kidogo, au uje unisaidie kuchambua mchele. Neno hilo moja linaondoa aibu.

Ile moja niliyoisema ni tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi. Asubuhi tunakwenda makaburini kufyeka majani na kuwakumbuka waliolala, halafu tunawasherehekea wazazi walio hai. Siku hiyo mkimbizi wa ndani anakaa. Kaburi la baba yake liko nyuma ya milima, majani yamelifunika, labda njia imefungwa. Watoto wa mwenyeji wanapita na majembe na maua. Ndugu mwenyeji, unaporudi kutoka makaburini, keti naye uulize: baba yako amelazwa wapi, pana mti gani pale? Atakuambia ni chini ya mparachichi, karibu na shamba la ndizi, mahali ambapo ndege hulia sana asubuhi. Msikilize mpaka amalize.

Hapo nafika kwenye neno ambalo mwanasheria hawezi kuliacha. Habari ndogo za kijiji zinalinda pia ardhi yako. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na wanakijiji wengi hawana hati yoyote ya shamba wanalolima. Hati yao ni kinywa cha jirani: huyu analima hapa, baba yake alilima hapa, mpaka ni miti ile. Kanuni za mwaka 1998 nilizozitaja, katika kanuni ya 21, zinasema mali ambayo waliohamishwa wameiacha nyuma ilindwe isiharibiwe wala isinyang'anywe. Lakini siku ya kuamua, mzee wa kijiji atauliza: nani anajua? Atajibu yule aliyeendelea kukuambia, «Mparachichi wako umezaa, mwaka huu fulani amelima sehemu ya chini, nimemwambia ni yako.» Kama ulikata mazungumzo naye kwa sababu kabila lake ni lingine, umekata pia ushahidi wako. Aliyebaki kijijini na aliyeondoka wanahitajiana. Andika katika daftari ya mtoto habari za namna hiyo unapoletewa: tarehe, nani amesema, amesema nini. Taja miti ya mpaka na jirani wa kila upande. Daftari hiyo ifunge katika plastiki, uibebe popote utakapokimbilia.

Viongozi, kwenu ombi moja. Katika mkutano wa mtaa msianze na amri. Acheni watu wakae kidogo, aulizwe mmoja wa wageni habari ya mvua za kwao, aulizwe mmoja wa wenyeji. Mtasema wakati hautoshi. Mkutano ambao watu wanaogopana huchukua wakati mrefu zaidi, na mwisho wake hakuna aliyesema kweli.

Mara nyingi watu huniuliza swali moja, nami sitaki kulikwepa. Wanasema: wewe unatuambia tuzungumze juu ya ndege, lakini huyu jirani ni wa watu waliochoma nyumba yangu. Nikimwuliza habari ya mvua, si nimewasamehe? Si nimewauza wafu wangu?

Hapana. Katiba ile ile, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu aliyelitenda. Hakuna anayeweza kushtakiwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kama jirani huyu ndiye aliyewasha moto, mahali pake ni mbele ya hakimu, na salamu zako hazifuti mashtaka yako hata kidogo. Unaweza kumwamkia asubuhi na kutoa ushahidi mchana. Kama si yeye, basi kumnyima jambo ni kumhukumu kwa tendo la mwingine, jambo ambalo hata mahakama haina ruhusa ya kulifanya. Msamaha ni wako, utautoa siku utakayotaka, au hutautoa. Mimi sikuombi huo. Nakuomba neno moja juu ya mawingu.

Na asipojibu? Kesho umwambie tena, halafu umwache siku chache. Yeye pia anao wafu wake, na labda anajiuliza swali lile lile juu yako. Pengine mtoto wake atajibu kabla yake. Pengine ataanza yeye, siku ambayo maji yataingia katika hema lenu nyote wawili.

Kipindi kijacho tutasoma pamoja kifungu cha 30, kinachohusu kutembea na kukaa popote nchini. Mlio na maswali, wapeni viongozi wa vikundi vya wasikilizaji wayaandike. Hapa tulipo mawingu yamejaa upande wa ziwa na upepo umeanza. Kwenu je?